Jinsi ya kupinga ubomoaji wa jengo katika mtaa wa kihistoria kabla kuta hazijaanguka

Mgogoro wa mpaka wa shamba unaweza kukaa mahakamani miaka kumi na shamba likabaki palepale. Jengo la zamani halina subira hiyo. Kinachogombewa chenyewe kinaweza kutoweka kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, na hakimu akabaki na kifusi ambacho hakuna hukumu inayoweza kukirudisha kilivyokuwa. Mwezi Agosti 1980, sehemu ya mbele ya kiwanda cha Firestone mjini London ilivunjwa wakati wa mapumziko marefu ya mwisho wa wiki, huku serikali ikijiandaa kukiweka kiwanda hicho kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Hoja zote nzuri za kukihifadhi zilikuwepo. Zilichelewa tu.

Kwa sababu hiyo hatua zilizo hapa zimefuata saa, hazikufuata uzito wa hoja. Zimeandikwa kwa ajili ya mkazi, mpangaji, jirani au chama cha mtaa. Mwenye jengo naye ana sehemu yake mbele. Majina ya ofisi na siku za kukata rufaa hutofautiana nchi na nchi, lakini mfuatano wa mambo ya kufanya hufanana karibu kila mahali.

Hatua ya 1: Jua jengo linalindwa na karatasi ipi

Usianze na “hili ni jengo la kihistoria”. Anza na tangazo. Tafuta gazeti la serikali, sheria ndogo ya mji au orodha iliyotangaza eneo hilo kuwa la hifadhi, pamoja na ramani yake. Angalia kama kiwanja kimo ndani ya mstari, kimekatwa na mstari, au kimo kwenye ukanda wa kinga unaozunguka eneo. Kesi nyingi hufia hapa: wakazi wanaamini mtaa mzima unalindwa, kumbe ramani iliishia upande wa pili wa barabara.

Kisha tenganisha ulinzi wa aina mbili. Kuna jengo lililoorodheshwa kwa jina lake, na kuna jengo lisilo na orodha yoyote ila limo ndani ya eneo linalolindwa kwa ujumla wake. Jengo la kwanza hulindwa kwa thamani yake lenyewe, la pili kwa mchango wake kwa mtaa. Wakili wako atahitaji kujua unazungumzia lipi, kwa sababu hoja ni tofauti, kibali ni tofauti, na mara nyingine hata ofisi ni tofauti.

Ikiwa mtaa umo katika Urithi wa Dunia, andikia UNESCO ukitaka, lakini usiweke tumaini lako huko. Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 unazifunga serikali. Hauipi UNESCO uwezo wa kusimamisha tingatinga. Dresden, Ujerumani, iliondolewa kwenye orodha mwaka 2009 kwa sababu ya daraja, na Liverpool, Uingereza, mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi wa ufukweni, na katika miji yote miwili ujenzi uliendelea. Amri inayomzuia mkandarasi hutoka kwenye sheria za nchi.

Hatua ya 2: Omba vibali vyote, kwa maandishi

Mara nyingi hakuna kibali kimoja cha kubomoa. Kuna ridhaa ya mamlaka ya urithi, kuna kibali cha ubomoaji cha halmashauri, na kuna idhini ya jengo jipya litakalosimama hapo. Omba nakala za vyote, pamoja na muhtasari wa kikao kilichovipitisha na taarifa za wataalamu zilizowekwa mbele ya wajumbe. Peleka barua yenye nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Barua hiyo yenye muhuri itakuwa kielelezo siku utakapomwambia hakimu kwamba uliuliza na hukujibiwa.

Ukizipata, soma masharti kabla ya kusoma kitu kingine. Tarehe ya mwisho wa kibali imepita? Aliyetia saini alikuwa na mamlaka hayo, au ilipaswa kupita kwenye kamati? Kuna sharti kwamba jengo lisiguswe mpaka mkataba wa ujenzi mpya uwe umesainiwa? Sharti hilo huwekwa ili mtaa usibaki na pengo la kiwanja kitupu kwa miaka, na hukiukwa mara nyingi kwa sababu hakuna anayelifuatilia.

Kuwa mwangalifu na kibali cha ukarabati. Ndani ya kivuli cha neno hilo watu huondoa paa, kisha sakafu, kisha kuta za ndani, mpaka kubaki ganda ambalo kila mtu atakubali kwamba haliwezi kusimama. Nchini Uingereza, Mahakama ya Juu ya wakati huo, iliyokuwa ndani ya Baraza la Malodi, iliamua mwaka 1997 katika kesi ya Shimizu dhidi ya Westminster kwamba kuondoa sehemu tu ya jengo kwa kawaida ni mabadiliko, na ubomoaji ni kuliangusha jengo lote au karibu lote. Tafsiri ya namna hiyo ikitumika kwenu, mtu anayekata jengo vipande vipande anaweza kudai kwamba hakuwahi kubomoa. Dawa yake ni kuuliza mabadiliko hayo nayo yana kibali gani, na kupima kazi yote iliyofanyika tangu mwanzo badala ya kipande cha leo.

Hatua ya 3: Piga picha leo

Hii ndiyo hatua wanayoidharau watu wengi, na mimi naiona kuwa yenye faida kuliko zote kwa gharama yake. Piga picha za kila upande. Piga kutoka mbali ili majengo jirani yaonekane, maana kesi ya mtaa wa kihistoria hujengwa juu ya uhusiano wa jengo na wenzake: urefu wa paa, mpangilio wa madirisha, mstari wa kuta unaofuata barabara. Ukiruhusiwa kuingia, piga ngazi, dari, boriti, milango. Pima upana na kimo. Hifadhi faili asili zenye tarehe, si zile zilizopunguzwa ubora kwa kutumwa kwenye simu. Waombe wazee wa mtaa picha za zamani, na uandike nani alizitoa na zilipigwa lini, ili mtu huyo aweze kula kiapo.

Baa ya Carlton Tavern, London, inaonyesha kazi ya kumbukumbu hizo. Mwaka 2015 wenye nayo waliibomoa bila kibali, wakati ikifikiriwa kuorodheshwa. Halmashauri ya Westminster iliamuru ijengwe upya kama ilivyokuwa, amri hiyo ikathibitishwa mwaka uliofuata, na mwaka 2021 milango ikafunguliwa tena. Kumwamuru mtu ajenge “kama ilivyokuwa” kunawezekana pale tu ambapo kuna anayeweza kuthibitisha ilivyokuwa.

Hatua ya 4: Simamisha kwanza, bishana baadaye

Ukiona uzio wa mabati, jukwaa la mafundi au umeme na maji vimekatwa, usisubiri kukamilisha utafiti. Siku hiyohiyo peleka barua kwa mamlaka ukiomba itumie uwezo wake wa kutoa amri ya kusitisha kazi, na nakala kwa mwenye jengo. Taja namba ya kiwanja, tangazo linalolinda eneo, na kasoro uliyoiona. Wape muda mfupi wa kujibu, wa saa na si wa wiki. Wasipojibu, nenda mahakamani kuomba zuio la muda.

Mahakama nyingi hupima maombi hayo kwa maswali matatu. Je, kuna jambo la maana la kuamuliwa? Je, mwombaji atapata madhara yasiyofidika kwa fedha? Na kati ya kuzuia na kuruhusu, upande upi utaumia zaidi? Swali la pili ndilo nguvu yako. Mjenzi aliyecheleweshwa anaweza kuhesabu hasara yake, hata ikiwa kubwa. Ukuta uliojengwa na vizazi vilivyopita hauhesabiki hivyo. Andika hilo waziwazi kwenye hati ya kiapo, na uambatanishe picha za siku hiyo zinazoonyesha kwamba hatari ni ya kweli na iko karibu.

Kuna mambo mawili ambayo huwashtua waombaji. La kwanza, mahakama inaweza kukutaka uahidi kulipa hasara ya upande wa pili endapo utashindwa. Kwa chama kidogo cha mtaa ahadi hiyo inaweza kuwa mzigo usiobebeka, kwa hiyo mwambie wakili aombe mapema ipunguzwe au iondolewe kwa sababu ya maslahi ya umma, na aeleze uwezo wenu halisi. La pili, ukisikilizwa bila upande wa pili kuwepo, una wajibu wa kueleza kila kitu, hata kinachokudhuru. Ukificha taarifa ya mhandisi inayosema jengo ni hatari, zuio litaondolewa siku ikigundulika, na hakimu hatakuamini tena.

Ukipata amri, kazi bado. Amri iliyolala kwenye jalada haimzuii mtu asiyeijua. Mpelekee mwenye jengo, mkandarasi, msimamizi wa mafundi aliyepo kwenye eneo, na kituo cha polisi cha karibu. Rekodi saa ya kukabidhi na jina la aliyepokea. Hapo ndipo anayeendelea kubomoa atakuwa amedharau mahakama, wala hataweza kusema hakujua.

Hatua ya 5: Hakiki kwamba wewe ndiye wa kushtaki, na kwamba hujachelewa

Upande wa pili utauliza haya yanakuhusu nini. Jirani anayegusana ukuta, mpangaji anayeondolewa na mtu aliyetoa pingamizi wakati wa maombi ya kibali huwa na nafasi nzuri. Chama kilichosajiliwa chenye katiba inayotaja uhifadhi huwa na nafasi nzuri zaidi, na ndiyo sababu inafaa kukisajili kabla ya mgogoro. Katika nchi zilizoridhia Mkataba wa Aarhus wa 1998, unaohusu haki ya umma kupata taarifa za mazingira na kufika mahakamani, vyama vya mazingira vimepanuliwa mlango wa mahakama.

Muda wa kufungua shauri huwa mfupi mno. Uingereza, anayepinga uamuzi wa mipango miji kwa njia ya mapitio ya mahakama ana wiki 6 tu. Kwingine ni lazima upitie kwanza baraza la rufaa, na mahakama itakufukuza ukiliruka. Uliza swali hili siku ya kwanza unapokutana na wakili, kabla hata ya kumsimulia historia ya jengo.

Hatua ya 6: Chagua hoja ambayo hakimu anaweza kuiamua

Hakimu hataki kuamua kama jengo ni zuri. Mpe jambo la sheria. Je, tangazo kwa umma lilibandikwa kama sheria inavyotaka? Je, kamati ilikuwa na akidi? Je, wajumbe walipewa taarifa ya mtaalamu wa urithi, au ilifichwa? Je, uamuzi una sababu zilizoandikwa, au ni mstari mmoja wa “imeidhinishwa”? Kasoro za utaratibu hushinda kesi nyingi. Ila ujue kikomo chake: mara nyingi mahakama hufuta kibali na kurudisha maombi kwa ofisi ileile, ambayo inaweza kukitoa tena kwa utaratibu sahihi. Umeshinda muda, na muda huo utumike kujenga hoja ya msingi.

Hoja ya msingi ni ya mtaa mzima. Mpinzani wako atasema: jengo hili ni la kawaida, halina msanifu maarufu, hakuna mfalme aliyelala humo. Usijaribu kulipamba. Mahakama zimeshalijibu hilo kwa ufasaha huko New Orleans, jimbo la Louisiana, Marekani, katika mtaa wa kihistoria wa Vieux Carré. Mwaka 1941, katika kesi ya Pergament, mwenye kituo cha mafuta alidai sheria ya uhifadhi haimhusu kwa sababu jengo lake lilikuwa la kisasa. Mahakama Kuu ya Louisiana ilikataa, ikisema kinacholindwa ni sura ya mtaa kwa ujumla wake. Mwaka 1975, katika kesi ya Maher, mwenye nyumba ndogo ya enzi ya Victoria alitaka kuibomoa ajenge nyumba za kupangisha, akashindwa katika mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani. Mtaa wa kihistoria huundwa na majengo ya kawaida zaidi kuliko majengo mashuhuri. Ukiruhusu kila la kawaida liondoke kwa sababu ni la kawaida, kitabaki jengo moja mashuhuri lililozungukwa na maegesho ya magari.

Tegemea pia jibu la upande wa pili. Katika kesi ya South Lakeland ya 1992, mahakama ya juu ya Uingereza ilisema kuhifadhi sura ya eneo hutimizwa hata pale ambapo mradi hauiharibu, bila kulazimika kuiboresha. Hivyo mjenzi akileta mchoro wa jengo jipya lenye kimo na madirisha yanayolingana na mtaa, kesi yako inaweza kuyeyuka. Dai mchoro huo uwekwe wazi, uusome na msanifu, uonyeshe madhara kwa vipimo: ghorofa zilizoongezeka, mstari wa paa uliokatwa, uchochoro uliozibwa.

Hatua ya 7: Ikabili hoja ya hatari bila kuikwepa

Karibu kila kesi hufika mahali ambapo mhandisi anasema jengo litaua watu. Lichukulie kwa uzito. Majengo ya zamani huanguka kweli, na kama kuna wapita njia chini ya ukuta uliopinda, omba wewe mwenyewe njia ifungwe na ukuta utegemezwe. Hilo ni jambo la utu, na pia huonyesha mahakama kwamba hupiganii mawe dhidi ya maisha ya watu.

Kisha soma taarifa ya mhandisi. Aliingia ndani, au aliangalia kutoka barabarani? Nyufa alizozitaja alizifuatilia kwa muda, au ni nyufa za zamani zilizokwisha tulia? Alichimba kuona msingi? Alipima kuta za mawe na chokaa kwa kanuni za zege? Hili la mwisho hutokea sana: ukuta wa chokaa hupumua, hunyumbuka kidogo, na hubeba mzigo kwa unene wake, na mtu aliyezoea nguzo za zege anaweza kuuona mbovu kwa sababu hauna chuma. Tafuta mhandisi mwenye uzoefu wa majengo ya aina hiyo atoe taarifa ya pili, na umwelekeze kwenye swali moja: ni kazi gani ndogo kabisa itakayoondoa hatari? Hatari huhalalisha kuondoa hatari. Paa bovu linaezuliwa na kuezekwa. Halitoi ruhusa ya kuangusha ukuta wa mbele.

Mwisho wa hatua hii, uliza jengo lilifikaje hapo. Kuna ubomoaji wa kutelekeza: mabomba ya paa yanaachwa yakizibika, madirisha yanang'olewa, mvua inaingia misimu kadhaa, kisha anaitwa mhandisi. Sheria nyingi huipa mamlaka uwezo wa kumwamuru mwenye jengo afanye matengenezo ya lazima, au kuyafanya na kumdai gharama. Omba amri hiyo sambamba na zuio. Zuio peke yake juu ya jengo linalovuja ni ubomoaji wa polepole.

Hatua ya 8: Hesabu za mwenye jengo

Mwenye jengo atasema ulinzi umemnyang'anya mali bila fidia. Rejea maarufu hapa ni kesi ya Penn Central dhidi ya Jiji la New York, 1978. Jiji hilo lilitunga sheria ya majengo ya kihistoria mwaka 1965, baada ya kituo cha treni cha Pennsylvania kuanza kuvunjwa mwaka 1963. Kituo cha Grand Central kiliorodheshwa 1967, na kampuni yake ikataka kujenga mnara wa zaidi ya ghorofa 50 juu yake. Ilipokataliwa ilidai fidia, na Mahakama Kuu ya Marekani iliikatalia kwa kura 6 kwa 3. Iliangalia athari za kiuchumi, matarajio ya uwekezaji yaliyovurugwa, na aina ya hatua ya serikali. Ikaona kituo bado kinaweza kutumika na kuingiza kipato, na haki za kujenga, yaani ukubwa wa jengo ambao haukuruhusiwa hapo, zingeweza kuhamishiwa viwanja vya jirani.

Hukumu hiyo haifungi nchi nyingine, lakini maswali yake yanasaidia popote. Alinunua kabla au baada ya eneo kutangazwa? Alilipa bei ya jengo linalolindwa au ya kiwanja kitupu? Ametafuta mpangaji au mnunuzi kwa bei ya haki? Kukosa faida kubwa zaidi ni tofauti na kukosa matumizi yote.

Na wewe mwenye jengo, kama kweli huwezi, usibomoe usiku. Peleka taarifa ya mthamini, makadirio ya mafundi wawili au zaidi, hesabu za kodi ya pango, na ushahidi wa juhudi za kuuza. Nchi nyingi zina njia ya kibali kwa sababu ya ugumu wa kiuchumi, ruzuku au nafuu ya kodi. Mamlaka inayokulazimisha kutunza jengo kwa ajili ya umma bila kukusaidia chochote inastahili kuulizwa maswali hadharani, na wakazi wanaopinga ubomoaji wangefanya vyema kukuunga mkono katika hilo.

Hatua ya 9: Mkiafikiana, iwe amri ya mahakama

Mengi huishia kwa suluhu: kubakiza uso wa jengo, kupunguza ghorofa, kuhamisha haki za ujenzi. Kubakiza uso peke yake ni suluhu dhaifu, lakini wakati mwingine ndiyo iliyopo. Andikeni vipimo, vifaa, tarehe na anayekagua, kisha mwombe hakimu aisajili suluhu kama amri yake, ili anayeivunja ashughulikiwe bila kufungua kesi mpya.

Hatua ya 10: Likishaanguka

Usiiondoe kesi. Omba haraka amri ya kuzuia kifusi kisizolewe, maana mawe, milango na vigae ni ushahidi na pia ni vifaa vya kujengea upya. Omba kiwanja kisipewe kibali kingine mpaka shauri liishe; mjenzi anayebaki na kiwanja kisichotumika huanza kusikiliza. Faini ndogo huwa ni gharama ya mradi tu, kwa hiyo mwombe hakimu apime adhabu kwa faida iliyotarajiwa, kama sheria yenu inamruhusu.

Kujenga upya kunaweza kuamriwa hata kwa jengo ambalo halikuwa kwenye orodha. Baa ya Crooked House, Uingereza, iliungua Agosti 2023 ikabomolewa kabla ya saa 48 kupita, na Februari 2024 halmashauri iliwapa wenye nayo notisi ya kuijenga upya ndani ya miaka 3. Ukifikia hatua hiyo, zile picha na vipimo vya hatua ya 3 ambatanisha na maombi yako kama jedwali, chumba kwa chumba na dirisha kwa dirisha, pamoja na orodha ya vifaa vilivyookolewa na mahali vilipowekwa.